Usimwambie Mgeni Kwamba Ni Nzuri

Nyinyi mnaongoja wageni pale kwenye geti la msitu mkiwa na buti mpya, kwanza ingizeni miguu ya suruali ndani ya soksi. Mengine nitawaambia polepole. Siafu hawangoji mtu amalize kukaribisha wageni. Nilimwona kijana mmoja, hodari sana wa kueleza, akikatiza habari za mlima katikati na kukimbilia kichakani huku akifungua mshipi. Wageni walipiga makofi. Walidhani ni ngoma ya kienyeji.

Mimi ni Nasimiyu. Wengi wenu mnaniita Kukhu, yaani bibi, na sikatai, maana nywele zimekubali. Magoti yangu ndiyo yamekataa. Miaka mingi niliongoza watu kuingia mapango ya Mlima Elgon na kutoka, na siku hizi nimebaki kuongoza kwa mdomo tu, nikiwa nimekaa.

Sikusoma sana. Baba alitangulia, mama akamfuata, na mimi kama kifungua mimba nikaacha shule nikiwa darasa la saba ili wadogo zangu wale na wasome. Wa mwisho, Wanyonyi, alikuwa hajaota meno. Tulibaki kwenye boma letu huko Ndalu na hakuna aliyetutawanya. Nawaambia haya kwa sababu ya kazi, si kwa sababu ya huruma. Mtu aliyelea watoto anajua jambo la kwanza la kuongoza kundi: mnatembea kwa mwendo wa yule aliye nyuma kabisa. Yule anayekimbia mbele atajifikisha mwenyewe.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ndiema, Msabaoti wa mlimani. Nilikuwa nikiuzia wageni ndizi pale getini, siku moja akanitwika begi la mama mmoja aliyechoka, na kuanzia hapo sikurudi kwenye ndizi. Babu zake walikuwa wameishi ndani ya mapango yale pamoja na ng'ombe wao. Kwake pango halikuwa kivutio. Lilikuwa nyumba ya babu ambayo popo wamehamia.

Mnajua ya kwamba tembo wa Elgon huingia mapangoni kutafuta chumvi. Ndani kabisa hakuna mwanga, nao hupapasa njia kwa mkonga, kisha hukwangua ukuta kwa pembe na kula unga wa mawe. Wageni huja wakitaka kuwaona tembo hao, na wengi hawawaoni. Hapo ndipo mwongozaji hujaribiwa. Mwenzetu mmoja aliwaonyesha wageni jabali jeusi ng'ambo ya bonde, akawaambia ni tembo amelala. Alidhani watapiga picha waende zao. Wao wakatandaza blanketi, wakatoa mikate, wakakaa kumngoja aamke. Jua likapanda, likaanza kushuka. Mwishowe mama mmoja akauliza kwa upole kama tembo yule hajafa.

Mzee Ndiema alicheka hadi akaegemea mti. Halafu akatuita wote.

"Mgeni asipoona tembo, mwambie hajaona tembo," alisema. "Usimdanganye. Lakini usimrudishe mikono mitupu pia. Mwonyeshe mavi."

"Mavi, Mzee?"

"Mavi hayadanganyi. Yakiwa makavu, tembo alipita. Yakiwa na unyevu, yuko karibu. Yakitoa mvuke, tutakutana nyumbani, kila mtu na njia yake."

Na ndani ya pango alikuwa na desturi yake. Aliwaambia wageni wazime tochi, akashika mkono wa mmoja mmoja na kuuingiza kwenye mitaro iliyochimbwa na pembe ukutani. Hakusema kitu. Nimeona wanaume wakubwa, waliokuwa wakilalamika njia nzima juu ya matope, wakisimama pale gizani wakipitisha vidole kwenye mtaro kama mtu anayesoma. Mwenye alama hayupo, lakini alama ipo, nayo ni ya kweli. Kazi yetu yote iko hapo. Mimi nilifikiri nimeielewa. Ilinibidi niende mbali sana ndipo niielewe.

Mama Pilar alikuwa mkunga wa zahanati moja upande wa Endebess. Alikuja huku akiwa msichana, kutoka Kordoba, mji wa kale kusini mwa Uhispania, akakaa hadi watoto aliowapokea wakaleta watoto wao nao awapokee. Kiswahili chake kilikuwa cha huku kwetu, cha shamba na soko. Wageni wake wakija kumtembelea, mimi ndiye niliyewapandisha mlimani, kwa hivyo tulijuana.

Alikuwa na neno moja moyoni. Nyumba za mji wao hazijionyeshi barabarani. Nje unaona ukuta mtupu na mlango. Ukiingia, katikati ya nyumba kuna uwanja ulio wazi juu, kuta zake zimejaa vyungu vya maua, na watu hutoka mbali kuja kuziangalia nyua hizo tu. Uwanja wa kwao ulikuwa na kisima, na kando ya kisima mlimau. Mama yake alikuwa amefariki yeye akiwa huku, na kaka zake wakauza nyumba. Kila mwaka alisema ataenda kuuona uwanja ule, na kila mwaka kulikuwa na mwanamke ambaye siku zake zilikaribia. Halafu macho yakaanza kuondoka. Daktari alimwambia wazi kwamba hayatarudi.

Hii ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kabla mlima haujaingia taabu ya mapigano ya mashamba. Siku hiyo nilimkuta amekaa nje ya zahanati ameelekeza uso juani.

"Nasimiyu," aliniambia, "wewe ndio utanipeleka."

"Mama, mimi hata Mombasa sijafika."

"Si wewe unapeleka watu ndani ya pango na hawaoni kitu? Na wanarudi wamefurahi?"

"Lile pango nalijua."

"Na mimi najua Kordoba. Wewe leta macho tu."

Nikafuatilia pasipoti. Ilipotoka hatimaye, Mama Pilar alikuwa anaona vivuli tu.

Kabla ya kusafiri nilienda Ndalu kuaga. Wanyonyi alikuwa amekuwa kijana, yuko sekondari. Nilimkuta anapasua kuni kwa mkono wake wa kushoto, ambao mwalimu wa darasa la pili alijaribu kuunyoosha kwa kiboko akashindwa. Alikuwa na mazoea ya kuniuliza swali moja, na siku hiyo akaliuliza tena.

"Dada, mama alikuwaje?"

"Alikuwa mzuri."

"Kila siku mzuri." Akaweka shoka chini. "Kila mtu akikufa anakuwa mzuri. Hata yule jirani mwizi wa kuku, si siku ya mazishi alikuwa mzuri pia?"

Nilimwambia aache utundu. Ndugu zetu wengine walikuwa na mama yao kichwani, kila mmoja na kipande chake. Yeye alikuwa na neno moja nililompa mimi, na alikuwa analirudisha kama shati lisilomtosha. Nililiona hilo. Sikujua la kufanya.

Aliyenivalisha kwa safari ni Bi Zaituni, muuza mitumba karibu na msikiti wa Kitale. Alinichagulia koti zito la sufi, la kufika kwenye vifundo vya miguu. "Ulaya ni barafu, mwanangu," alisema. Kisha akanishika mkono. "Mji ule una msikiti wa kale. Tangu nikiwa mtoto nausikia ukitajwa. Walishaufanya kanisa, najua. Lakini niangalizie kama mihrabu bado iko. Uniambie ulivyoona."

Tulifika majira ya kuchipua, na jua la Kordoba lilikuwa kama la Malakisi wakati wa kukausha tumbaku. Nililibeba koti la Bi Zaituni mkononi mji mzima kama mtu anayemtafuta mwenye nalo.

Asubuhi ya kwanza nilikosea mara mbili kabla hatujavuka barabara. Kwanza nilimshika Mama Pilar mkono nikamvuta.

"Usinivute kama mbuzi ya soko!" alisema. "Mimi nashika wewe. Hapa, juu ya kiwiko. Mwili yako ikigeuka, mimi nageuka."

Likumbukeni hilo. Asiyeona ndiye anayekushika, si wewe unayemshika. Na ngazi mwambie kabla hajafika, na mwambie kama ni za kupanda au za kushuka. Mtu akikanyaga ngazi ambayo haipo, moyo wake huanguka kuliko mguu.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Tuliingia kwenye vichochoro vya mji wa zamani, naye akasema, "Haya, niambie."

"Kuna nyumba nzuri, Mama. Na maua mazuri."

"Mazuri namna gani?"

"Mazuri tu. Mazuri sana."

Akasimama. "Nasimiyu, usiniambie nzuri. Nzuri mimi siwezi kuona. Niambie kitu."

Nikaanza upya. Nikamwambia kichochoro ni chembamba, nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili. Kuta ni nyeupe kama zimepakwa chokaa jana. Vyungu vimetundikwa hadi karibu na paa, vyote rangi ya buluu, na maua mekundu yananing'inia. Chini amesimama mwanamke mwenye aproni. Ameshika ufito mrefu, na kwenye ncha ya ufito umefungwa mkebe, naye anainua mkebe ule na kunywesha maua ya juu kabisa bila kumwaga.

Mama Pilar alicheka kwa sauti hadi yule mwanamke akageuka.

"Mkebe! Bado wanatumia mkebe!" Akaufinya mkono wangu. "Huo sasa nimeona."

Tulitembea siku nyingi namna hiyo, tukizungumza Kiswahili chetu katikati ya watu wasiokijua, mzungu mmoja mzee na mwanamke wa Ndalu mwenye koti la baridi mkononi. Mimi nilisalimia kila mtu. Kwetu huwezi kupishana na mtu kichochoroni mabega yakagusana halafu ukampita kama mti. Mama akaniambia, "Ukisalimu wote, tutafika mwaka ujao," lakini akanifundisha salamu yao fupi, nami nikaendelea. Wazee walioketi milangoni waliitikia. Ilipofika siku ya tatu walikuwa wananitangulia kusalimu.

Machungwa yalinifundisha adabu. Miti ya machungwa imepandwa kando ya barabara kama sisi tunavyopanda mijakaranda mbele ya ofisi za serikali, na machungwa ya mwisho yalikuwa bado juu yake, mekundu, mengine yameanguka, na hakuna mtoto hata mmoja anayeyaokota. Nikasema hawa watu wameshiba hadi wamepotoka. Nikachuma moja, nikalimenya upesi, nikatia kipande mdomoni. Uchungu ule ulipanda hadi masikioni.

Mama Pilar alinusa hewa. "Umechuma chungwa."

Nikatema mbegu kiganjani.

"Hiyo ni ya kupika na sukari. Hata nyani hakuli." Akatabasamu kwa utulivu kabisa. "Lakini si ni wewe ulisema kwenu chakula haitupwi? Maliza."

Nilimaliza nusu. Nusu nyingine iko kwenye mfuko wa koti la Bi Zaituni hadi leo, kama hajalifua tangu nimrudishie.

Kwenye msikiti wa kale, ule uliofanywa kanisa, niliwaona wenzetu wa kazi. Waongozaji wa kule huinua mwavuli uliokunjwa juu ya kichwa ili kundi lisipotee. Ni akili nzuri, ila mlimani kwetu utanaswa na matawi. Mmoja alikuwa anaeleza bila kupumua, naye kundi lake lilikuwa limechoka zamani. Mgeni akianza kuangalia viatu vyake, nyamaza. Maneno mengine hayataingia.

Nilipoona mle ndani, neno "nzuri" lilikuja hadi kwenye meno. Nikaliuma.

"Mama," nikasema, "umewahi kuingia shamba la mikaratusi iliyopandwa kwa kamba? Ukisimama unaona mstari unaenda mbele. Ukigeuza kichwa kidogo, mistari mingine inafunguka pembeni. Ndivyo nguzo zilivyo humu, na mwisho wake siuoni. Juu ya nguzo kuna matao mawili, moja limepanda mgongoni mwa lingine, yana mistari ya nyekundu na nyeupe. Na nguzo zenyewe si za mama mmoja. Hii nyeusi, ile ya waridi, ile imesokotwa kama kamba."

"Zilitolewa kwa majumba ya zamani zaidi," alisema. "Nipeleke niguse."

Nikampeleka nguzo hadi nguzo. Nyingine alizipapasa na kupita, nyingine aliziwekea shavu. Mihrabu nilimweleza kutoka nyuma ya uzio: mlango wa tao lililojipinda kama kiatu cha farasi, umezungukwa na vipande vidogo vya rangi na dhahabu, na maandishi yanayouzunguka kama pindo la kanga. Niliporudi Kitale nilimwambia Bi Zaituni maneno hayo hayo. Alikuwa na wateja. Akawaacha washikane na nguo zao, akakaa juu ya bunda, akasema, "Anza tena. Kwenye nguzo."

Lakini mtaona sijasema lolote la uwanja. Ndivyo siku zilivyokwenda. Kila asubuhi nilimuuliza, "Leo tunaenda nyumbani kwenu?" Naye alijibu, leo msikiti kwanza. Leo mto kwanza. Leo miguu inauma. Nikamwacha. Nimeongoza watu waliotoka mbali wakafika mdomoni mwa pango wakaanza kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Mwache mgeni afunge viatu.

Siku moja tulikuwa tunavuka daraja la mawe la zamani, refu, mto uko chini umejaa matete na ndege weupe. Aliniuliza tumebakisha kiasi gani.

"Hapo tu."

"Hiyo 'hapo tu' ya Kitale mimi najua! Nilitembea siku nzima na 'hapo tu', mama anazaa mlimani!" Kisha akaegemea ukuta wa daraja, na sauti yake ikabadilika. "Nasimiyu. Kama nimechelewa?"

Swali lile halikuwa la kujibiwa darajani.

Kesho yake aliamka akasema twende. Yeye ndiye aliyeongoza. Alisikia chemchemi ya uwanja fulani akaniambia tupinde kulia, akahisi kichochoro kinapanda, akanusa mkate akasema bado tanuri liko. Tulisimama mbele ya mlango.

"Ni ya rangi gani?"

"Kijani, Mama."

"Ilikuwa kahawia."

Nyumba ilikuwa imefanywa mkahawa. Watu walikuwa wanakula chakula cha mchana. Kijana mhudumu alikuja, Mama Pilar akazungumza naye kwa lugha yao, naye akatupisha kwa heshima hadi ndani. Kiganja cha Mama kilikuwa kimebana kiwiko changu kama cha mwanamke aliye kwenye uchungu.

Nikaangalia. Uwanja ulikuwa umeezekwa kioo. Sakafu ilikuwa ya vigae vipya vinavyong'aa. Vyungu hakuna hata kimoja. Meza zenye vitambaa vyeupe zilijaa pale katikati ambapo, kwa maelezo yake, kisima kilipaswa kuwa. Na kwenye kona, ndani ya ndoo ya bati, ulisimama mlimau wenye malimau ya manjano. Nilipiga hatua moja nikaona ni wa plastiki.

"Niambie," alisema Mama Pilar.

Wanangu, nilikuwa na maneno tayari. Mtu yule alikuwa hawezi kuona. Ningesema mlimau upo, maua yapo, kisima kipo, angelia kidogo na kufurahi, tungerudi Endebess na angekufa nayo. Nani angenisuta? Hakuna jabali jepesi kugeuzwa tembo kama lile.

"Mlimau hakuna, Mama," nikasema. "Kuna wa plastiki, umewekwa ndani ya ndoo. Juu kumefunikwa kioo. Chini ni vigae vipya. Maua hakuna. Watu wanakula."

Vidole vyake vililegea kwenye kiwiko changu.

"Nimechelewa," alisema. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa taarifa.

Mgeni asipoona tembo, usimdanganye. Lakini usimrudishe mikono mitupu pia. Nilimwomba asimame pale pale ashike kiti, nami nikaanza kutafuta, macho chini, kama tunavyotafuta njiani msituni. Nilitazama miguu ya kuta, pembe za vizingiti, mahali ambapo mfagio haufiki. Wateja walinitazama nikichungulia chini ya meza. Yule mhudumu alinifuata taratibu, nadhani akihofia vijiko.

Karibu na mlango wa jikoni palikuwa na kitu cha mawe, kipana kama kinu kikubwa, kimesukumwa ukutani na kuwekewa sinia la glasi. Upande wa mbele ulikuwa laini. Nikapitisha mkono nyuma, kati ya jiwe na ukuta, vidole vikaingia ndani ya mtaro. Kisha wa pili. Kisha wa tatu. Nililijua jiwe la namna hiyo kabla sijajua ni nini. Kamba ya kuvutia maji ilikuwa imelikata, miaka na miaka, kama pembe za tembo.

Nikamwashiria kijana aondoe glasi. Nikamleta Mama Pilar, nikamwinamisha, nikaushika mkono wake na kuupeleka nyuma ya jiwe. Sikusema kitu.

Alipapasa mtaro wa kwanza. Akapapasa wa pili. Jikoni mtu aliangusha kifuniko, kikazunguka sakafuni hadi kikanyamaza.

"Wameigeuza," alisema.

"Nini, Mama?"

"Mdomo ya kisima. Wameigeuza nyuma mbele." Sauti yake ilikuwa imekasirika, na nilifurahi kuisikia hivyo, maana ilikuwa ile ya zahanati, ya kumgombeza mume aliyechelewa kuleta mkewe. "Hii mitaro ilikuwa inaangalia jikoni. Mama yangu alivuta maji amesimama hivi, mgongo kwa ngazi. Ngazi iko wapi? Iko mkono wangu ya kulia?"

Nikageuka. Ukutani, nyuma ya kabati, palikuwa na ngazi zilizozibwa.

"Ipo, Mama. Wameiziba, lakini ipo."

"Basi kisima ilikuwa hatua chache mbele ya hapo. Nipeleke."

Nikampeleka, lakini kusema kweli ni yeye aliyenipeleka. Alipita kati ya meza mkono mmoja mbele, akasimama kando ya mzee mmoja aliyekuwa anakula supu. "Hapa," alisema. Akarudia kwa lugha yao, "Hapa." Na akaanza kuonyesha. Mlimau ulikuwa hapo ulipo mguu wa huyu bwana. Bibi alianika shuka pale. Hapo chini ya dirisha palikaa kiti cha baba, na paka juu ya kiti. Mzee wa supu alisogeza mguu wake. Watu waliacha kula, wakageuza vichwa kila alikonyoosha kidole, wakatazama vigae vitupu kama tunavyotazama ng'ambo ya bonde mtu akisema "yule pale". Nami nilikuwa miongoni mwao. Nilikuwa mgeni, na mwongozaji wangu alikuwa kipofu, na niliuona mlimau.

Alipomaliza alinishika juu ya kiwiko.

"Haya," alisema. "Sasa twende nyumbani."

Nilidhani ni hotelini. Alikuwa anasema Endebess. Huko ndiko alikorudi, na huko ndiko alikozikwa, na waliobeba jeneza lake ni wanaume aliowapokea kwa mikono yake.

Mimi nilirudi Ndalu. Niliwakuta wadogo zangu wakiwa na hamu ya kusikia habari za ndege na za wazungu. Niliwasimulia. Kisha nikamwita Wanyonyi, tukazunguka nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha kuku. Mle ndani palikuwa na jiwe la mama la kusagia wimbi. Tangu tulipoanza kupeleka nafaka kwenye mashine ya soko, jiwe lile lilikuwa limefanywa chombo cha kunyweshea kuku, maana lilikuwa na bonde la kutosha maji. Nilikuwa nimelijaza maji mwenyewe miaka yote hiyo.

Nikamwaga maji. Nikapangusa jiwe kwa leso. "Leta mkono," nikasema.

"Wa nini?"

"Leta tu."

Nikauweka mkono wake ndani ya bonde la jiwe, nami nikanyamaza. Alipapasa mbele na nyuma, taratibu. Kuku walituzunguka wakilalamika.

"Ni mama alichimba hii?"

"Ni mama. Kwa kusaga."

Akapapasa tena, akakunja uso.

"Dada, mbona imeingia sana upande huu? Huu mwingine ni kama haujaguswa."

Nikainama nikaangalia. Kweli, bonde lilikuwa limelala upande mmoja. Nikafumba macho kama niko ndani ya pango, nikamtafuta. Nikamwona amepiga magoti, amelalia jiwe kwa bega moja. Nikamwona akikoroga chungu. Nikamwona akitupa mawe kwa ngedere waliovamia mahindi, hakosi. Alikuwa amefunzwa kula na kusalimu kwa mkono wa kulia kama kila mtu, na wageni wakiwapo aliutumia huo. Ule mwingine nilikuwa nimeuona ukifanya kazi kila siku ya utoto wangu, na sikuwahi kuutazama.

"Alikuwa wa mkono wa kushoto," nikasema.

Wanyonyi alichukua lile jiwe dogo la mkononi lililokuwa limeegemezwa ukutani, akapiga magoti, akalishika kwa mkono wake uliopigwa viboko, akalisukuma mara moja, akalirudisha. Lilikaa sawasawa. Akalisukuma tena. Kuku wakasimama kando, wakingoja maji yao.